Karate ya Msingi: Kutafuta Chanzo cha Ngumi Isiyo na Uzito, Goti Linalouma na Teke Linaloyumba

Malalamiko yanayosikika katika dojo, yaani ukumbi wa karate, hayatofautiani sana kutoka darasa moja hadi jingine, hasa kwa wanafunzi walio kati ya mkanda mweupe na mkanda wa kahawia: ngumi haina uzito, goti la mbele linauma, teke linamwangusha mwenye kulipiga, kinga inapitwa. Hapa kila dalili imeandikwa pamoja na visababishi vyake, kikitangulia kile kinachokutwa mara nyingi, na ukaguzi mwepesi umewekwa kabla ya marekebisho mazito. Jambo moja litajirudia kote: mahali kosa linapoonekana mara nyingi sipo linapoanzia. Ngumi dhaifu huwa na asili yake nyongani au kisiginoni, na goti linalouma aghalabu linalipia uzembe wa unyayo. Kwa sababu hiyo kagua ukianzia sakafuni na kupanda juu, tena kwa mwendo wa polepole, kwani kasi huficha kosa badala ya kuliondoa.

Kabla ya kuliita jambo lolote kosa, hakikisha kwamba ni kosa katika mtindo wako. Maelezo haya yanafuata Shotokan, ambayo mikao yake ni mirefu na ya chini. Mwanafunzi wa Goju-ryu anayesimama katika sanchin-dachi (mkao mfupi), au wa Wado-ryu anayesimama juu zaidi, hakosei kwa sababu tu hafanani na picha ya Shotokan. Hata Gichin Funakoshi, mwasisi wa Shotokan, aliyeionyesha karate jijini Tokyo mwaka 1922 akitokea Okinawa, alisimama juu kuliko wanafunzi wa leo. Mikao ilirefushwa baadaye huko Japani, na mchango mkubwa katika mabadiliko hayo unahesabiwa kwa mwanawe Yoshitaka. Pakiwa na mgongano kati ya mwongozo huu na mwalimu wako juu ya urefu wa mkao, mfuate mwalimu wako. Juu ya maumivu, hakuna mtindo unaoyahitaji.

Vifaa vya ukaguzi ni vichache: chaki, ukuta, mwenzako mmoja mwenye subira, na simu iliyosimamishwa kwenye kimo cha nyonga, ikupige picha za video mara ya kwanza kutoka mbele na mara ya pili kutoka ubavuni. Simu iliyowekwa chini sakafuni hudanganya kuhusu urefu wa mkao.

Dalili: gyaku-zuki (ngumi ya mkono wa nyuma) ina kasi lakini haina uzito

Ngumi inakwenda haraka, mkono wa gi (vazi la karate) unapiga kelele ya kupendeza, lakini ikigusa pedi aliyeishika hasogei, au anayerudi nyuma ni mpigaji mwenyewe.

Kisababishi kinachoongoza ni mkono kuitangulia nyonga. Kikague kwa mkanda. Ukiwa umesimama zenkutsu-dachi (mkao mrefu wa mbele, goti la mbele likiwa limekunjwa) huku kiwiliwili kimegeuka ubavu, fundo la mkanda hutazama pembeni. Ngumi inapofika mwisho wa safari yake, fundo hilo linapaswa kuwa limekwisha kuelekea mbele. Piga polepole, na mwenzako aangalie fundo peke yake bila kuangalia ngumi. Fundo likichelewa, au likiishia njiani, umekwisha kupata chanzo. Marekebisho yake yanachosha lakini hayana ugumu: weka mikono yote miwili kiunoni na uzungushe nyonga bila kupiga, hadi mwendo huo uwe safi, kisha rudisha ngumi ubavuni na uizuie hapo mpaka nyonga iwe imevuka nusu ya safari yake, ndipo uiachie. Kwa siku za mwanzo ngumi itaonekana imechelewa na haina nguvu. Iache hivyo hivyo.

Kisababishi cha pili ni kiwiko kutoka nje. Simama ubavu wa mkono unaopiga ukiwa karibu na ukuta, uache nafasi ya vidole viwili au vitatu tu, kisha piga polepole. Kiwiko kikiukwaruza ukuta, ngumi yako inazunguka badala ya kwenda moja kwa moja, na nguvu ya nyonga inapotea begani. Mara nyingi shida hii huletwa na kugeuza ngumi mapema: kiganja kinapaswa kubaki kikitazama juu hadi kiwiko kiwe kimepita mbavu, ndipo mkono ugeuke. Anayegeuza ngumi angali ubavuni hana njia ya kuzuia kiwiko kisiinuke.

Ikiwa nyonga na kiwiko vyote viko sawa na bado ngumi ni nyepesi, fanya ukaguzi wa kusukumwa, ambao kwa maoni yangu una faida kuliko ngumi mia moja za hewani. Maliza gyaku-zuki na ubaki umetulia katika mkao wa mwisho. Mwenzako aweke kiganja mbele ya ngumi yako na asukume taratibu kuelekea bega lako, akiongeza nguvu kidogo kidogo, bila kushtukiza. Usishindane naye, angalia tu ni kiungo gani kinachokubali kwanza. Bega likipanda kuelekea sikio, ulipiga ukiwa umeliinua, na dawa yake ni kulishusha kwa kubana kwapa. Kiuno kikipinda nyuma, tumbo halikushiriki, na inakupasa kutoa pumzi mwishoni mwa ngumi huku ukikaza misuli ya chini ya kitovu. Goti la nyuma likikunjika, hukuusukuma mguu wa nyuma hadi mwisho. Kisigino cha nyuma kikinyanyuka, pima mkao: ama ni mrefu kupita uwezo wako, ama kifundo cha mguu ni kigumu, jambo nitakalolirudia katika sehemu ya goti. Mara moja moja hutokea kwamba mwili wote unasimama imara na mwenzako ndiye anayerudi nyuma. Hapo tatizo haliko katika umbo bali katika kujikaza tangu mwanzo wa ngumi hadi mwisho wake. Kime ni mkazo wa kitambo kifupi sana pale ngumi inapofika, na mkono unaokazwa tangu ubavuni unajifungia breki wenyewe.

Mkono unaorudi ubavuni, yaani hikite, hulaumiwa mno. Ukiwa mvivu unapunguza mzunguko wa nyonga, na unafaa kurekebishwa, lakini ni nadra kuwa ndio sababu pekee.

Simamisha zoezi ukihisi maumivu makali nyuma ya kiwiko kila unaponyoosha mkono. Hiyo ni dalili ya kukifungia kiwiko hewani hadi mifupa igongane; ngumi ya hewani iishie unywele mmoja kabla ya kunyooka kabisa, na maumivu yakiendelea baada ya wiki mbili za kupumzika nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni pamoja na ganzi au udhaifu wa unyayo hayana zoezi la dojo. Muone daktari.

Dalili: kifundo cha mkono kinapinda au vifundo vya vidole vinauma

Tazama kwanza ngumi yenyewe. Vidole vinapaswa kukunjwa kuanzia nchani, kifundo kwa kifundo, hadi visiache uwazi ndani ya kiganja, na kidole gumba kilale juu ya kidole cha shahada na cha kati, kwa nje. Sehemu inayogusa shabaha ni vifundo vya vidole hivyo viwili, navyo vikae kwenye mstari mmoja na mfupa wa mkono wa mbele. Ili kujikagua, piga magoti na uegemee ngumi zako juu ya taulo lililokunjwa, halafu hamisha uzito kwenda mbele pole pole. Mkono ukiporomokea upande wa kidole kidogo, ndivyo unavyoporomoka pia kwenye mfuko wa mazoezi, ila huko hupati nafasi ya kuuona. Baki katika zoezi hilo la taulo mpaka uweze kusimama imara bila kutetemeka, ndipo uende kwenye mfuko, na kwenye mfuko anza kwa nguvu ya kugusa.

Sababu nyingine ni umbali: anayesimama mbali hufikia shabaha kwa kunyoosha kifundo. Sababu ya nadra zaidi ni makiwara (ubao wa kupigia ngumi) iliyofungwa ngumu mno, isiyorudi nyuma inapopigwa. Ubao wa makiwara sharti unese. Ubao usionesa ni ukuta tu, na kumpeleka mtoto au kijana ambaye mifupa yake bado inakua kupiga kitu cha namna hiyo ni kosa la mwalimu, si la mwanafunzi.

Yapo mambo matatu yanayodai hospitali bila kusubiri kesho kutwa. La kwanza ni uvimbe nyuma ya kidole kidogo huku kifundo chake kikiwa kimezama, au kidole kinachopanda juu ya jirani yake ukifunga ngumi, kwa kuwa mfupa huenda umevunjika. La pili ni maumivu kwenye shimo dogo chini ya kidole gumba baada ya kuangukia kiganja. Mfupa uliopo hapo unaweza kuvunjika na picha ya kwanza ya eksirei isiuonyeshe, basi mweleze daktari wazi mahali panapouma na urudi kama hapajapoa. La tatu ni jeraha kwenye kifundo lililotokana na meno ya mwenzako, hata likiwa dogo kama punje ya mtama, kwa sababu vijidudu vya kinywani huharibu kiungo haraka.

Dalili: goti la mbele linauma katika zenkutsu-dachi

Hii ndiyo dalili inayopuuzwa kuliko zote, maana mwanafunzi huambiwa kuwa mkao wa chini lazima uume. Uchovu wa paja ni haki yake. Maumivu ndani ya goti si haki yake.

Sababu ya kwanza, tena kwa mbali, ni goti kuangukia ndani. Ingia kwenye mkao na utazame chini. Goti lielekee upande ule ule zinakoelekea ncha za vidole vya mguu, na upande wa ndani wa goti bado uone kidole gumba. Goti likikifunika, limeingia ndani. Usilisukume nje kwa mkono. Kwanza angalia unyayo, kwa kuwa unyayo uliolala upande wa ndani hulivuta goti pamoja nao. Kandamiza sakafu kwa sehemu tatu, yaani kisigino, shina la kidole gumba na shina la kidole kidogo, na utaona goti linarudi mahali pake bila kulazimishwa.

Sababu ya pili ni upana. Chora kwa chaki mistari miwili inayoachana kwa upana wa nyonga zako, au utumie mistari ya vigae kama ukumbi una vigae, kisha kanyaga mguu wa mbele juu ya mstari mmoja na wa nyuma juu ya mwingine. Wengi hugundua hapo kwamba wamekuwa wakisimama kama mtu anayepita juu ya gogo mtoni, miguu yote miwili kwenye mstari mmoja, huku goti likifanya kazi ya kuzuia mwili usianguke. Upana ukirekebishwa, nyonga nazo hupata nafasi ya kufunguka na kufunga, na ngumi huongezeka uzito bila kuguswa.

Inayofuata ni goti kupita mbele ya vidole, ambako hutokana na kuegemea mbele kupita kiasi. Katika zenkutsu-dachi ya Shotokan uzito unagawanywa takriban asilimia 60 mbele na 40 nyuma, na unapaswa kuweza kuinua vidole vya mguu wa mbele bila mwili kuyumba. Usipoweza, umelala mbele. Pima pia ugumu wa kifundo cha mguu: weka unyayo ukielekea ukutani, kidole gumba kikiwa sentimita 10 hivi kutoka ukutani, kisha gusisha goti ukutani bila kuinua kisigino. Mguu ukishindwa, au mmoja ukiweza na mwingine usiweze, punguza urefu wa mkao kwa sasa na ufanye kipimo hicho hicho kama zoezi la kila siku. Kulazimisha mkao mrefu juu ya kifundo kigumu ni kuliuzia goti deni la kifundo.

Mwisho iangalie sakafu na wingi wa mazoezi. Kumbi nyingi za mitaani na za shule kwetu ni za saruji tupu, na anayefanya kihon (mazoezi ya mbinu za msingi) kwa saa nzima juu ya saruji, peku, kisha akarudia kata (mfululizo wa mbinu uliopangwa) hadi jioni, anaweza kuwa na umbo safi kabisa na goti likauma bado. Kabla ya kutafuta kosa la kifundi, punguza idadi kwa nusu kwa wiki moja na uone.

Acha mara moja na umtafute daktari ikiwa goti limevimba ndani ya saa chache baada ya kujipinda, hasa kama ulisikia kitu kikikatika. Ikiwa linakwama katikati ya kukunja na halinyooki. Au ikiwa linaachia ghafla unaposhuka ngazi. Kwa mtoto au kijana anayekua, maumivu ya goti yanayoambatana na kuchechemea yachunguzwe pamoja na nyonga, kwa kuwa tatizo la nyonga kwa umri huo linaweza kujitokeza kama maumivu ya goti na halifai kusubirishwa.

Dalili: kichwa kinapanda na kushuka unaposonga mbele

Mwenzako anyooshe mkanda juu ya kichwa chako ukiwa umeshuka kwenye mkao, nawe upite chini yake kwa oi-zuki (ngumi ya kupiga hatua mbele). Ukiugusa katikati ya hatua, umenyoosha goti la mguu uliobaki ili kumpisha mguu unaopita. Hii ndiyo sababu karibu kila mara, na dawa yake ni kuacha goti hilo limekunjwa na kuisogeza nyonga mbele kabla ya unyayo. Ikiwa kichwa kimetulia lakini unayumba pembeni, mguu unaopita hauukaribii mwenzake. Upitishe karibu, kisha uutoe nje kwenye upana wake.

Mahali pazuri pa kujikagua ni Heian Shodan, mojawapo ya kata tano ambazo Anko Itosu, mwalimu wa karate wa Okinawa, alizipanga mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya wanafunzi wa shule za Okinawa kwa jina la Pinan. Zile age-uke (kinga za kupandisha mkono) tatu za kwenda mbele hufichua kila kitu, kwa sababu mkono unaopanda hushawishi mwili mzima upande nao.

Dalili: mae-geri (teke la mbele) inakurudisha nyuma, au vidole vinagonga

Sababu kuu ni kutupa mguu kutoka sakafuni badala ya kuinua goti kwanza. Weka kiti kifupi mbele yako na upige teke juu yake. Mguu ukikigonga, goti halikupanda. Sababu ya pili ni kutorudisha mguu: teke lililonyooshwa likaachwa lianguke humvuta mpigaji mbele, na mpinzani hahitaji kufanya kazi yoyote. Rudisha goti kifuani kabla ya kukanyaga, huku ukihesabu kwa sauti nyakati nne, kuinua, kunyoosha, kukunja, kukanyaga, na usiziunganishe mpaka zote ziwe sawa. Anayeegemea nyuma ili teke lipande juu na apige chini zaidi. Teke la tumboni lenye nyonga ndani yake lina thamani kuliko la usoni lisilo nayo.

Vidole vikigonga, hukuvirudisha nyuma. Simama kwa ncha za miguu ukutani na ulitazame umbo la unyayo wako: ndilo umbo linalotakiwa hewani, na mgongano uwe kwenye sehemu nene iliyo chini ya vidole.

Mlio wa ghafla nyuma ya paja, ukifuatwa na michubuko meusi au kushindwa kutembea, unamaanisha msuli umechanika. Usiunyooshe, usiukande. Barafu iliyofungwa kitambaa, kupumzika, kisha uchunguzi.

Dalili: mawashi-geri (teke la mzunguko) inabana nyonga au inapinda goti unalosimamia

Tazama kisigino cha mguu ulio chini. Teke linapofika, kisigino hicho kiwe kimegeuka kuelekea shabaha au karibu na hapo. Kikibaki nyuma, mzunguko wote unaishia ndani ya goti. Fanya mgeuko huo peke yake, ukishika ukuta, kabla ya kuongeza teke. Mikeka ya mpira inayonata huzuia mgeuko hata kwa wenye ufundi, na hapo kisigino kiinuliwe kidogo zaidi.

Mbano wa mbele ya nyonga, karibu na kinena, ni habari nyingine. Watu wengi huambiwa wanyooshe zaidi, na wengine hushikiliwa na wenzao mpaka walie. Kama unachohisi ni mvuto wa msuli, mazoezi ya kunyoosha yatasaidia kwa muda; kama ni mfupa kugota, kunyoosha kutazidisha, kwa kuwa maungio ya nyonga hayakuumbwa sawa na kuna watu ambao teke la kichwani si lao. Mbano ukiendelea hata unapokaa kwenye kiti, uchunguzwe na mtaalamu wa mifupa au wa fiziotherapia.

Dalili: kinga inapitwa ingawa umbo lake ni zuri

Hapa ukaguzi ni mfupi. Katika gohon-kumite (mapambano ya mazoezi ya hatua tano), anza na macho: anayeufuata mkono wa mshambuliaji huchelewa, wakati anayetazama kifua na mabega huona ngumi inapozaliwa. Kisha pima umbali, kwa sababu anayerudi nyuma nusu hatua hulazimisha mkono ufanye kazi ya miguu. Umbo la mkono linakuja baada ya hayo. Katika age-uke mkono wa mbele ugeuke mwishoni na ubaki umeinama, ili ngumi iteleze badala ya kugonga mfupa kwa mfupa. Michubuko inayojaa upande mmoja tu wa mkono huonyesha kwamba hakuna mgeuko.

Dalili: pumzi inakatika mapema, au kizunguzungu

Aghalabu mtu anashikilia pumzi kutoka mbinu hadi mbinu. Hesabu kwa sauti wakati wa kihon. Asiyeweza kuhesabu hapumui. Mwenye shinikizo la juu la damu asifanye mazoezi ya kujikaza kwa pumzi nzito, kama kata ya Sanchin, kabla ya kumwuliza daktari wake, na maumivu ya kifua au kuzimia wakati wa mazoezi ni dharura kwa umri wowote.

Kizunguzungu kilichofuata pigo la kichwa kinahesabiwa mbali kabisa na uchovu. Mwanafunzi aliyepigwa kichwani akachanganyikiwa, akasahau kilichotokea, akalalamika kichwa au kuhisi kichefuchefu, hafanyi tena mazoezi siku hiyo hata akisema amepona, wala asiachwe peke yake. Akitapika mara kwa mara, akisinzia isivyo kawaida, akipatwa na degedege, au mboni za macho zikitofautiana ukubwa, apelekwe hospitali papo hapo. Kurudi kwenye kumite kunasubiri ruhusa ya daktari, na ruhusa hiyo haitolewi na mwalimu wala na mzazi.